Makofi ya kazi, si makofi ya mvi

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wanamuziki na wapenzi wa muziki, Mji Mkongwe, Unguja. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokosa kufika.)

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote.

Bi Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, wapiga vyombo, waimbaji, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: ahsanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumze juu ya wanamuziki wakongwe wa roki na wa soul, ule muziki wa Wamarekani weusi; wale wa Marekani na Uingereza waliovuka miaka 70, wengine 80, na bado wakapanda jukwaani na kuimba vizuri.

Nimelipokea ombi hili kwa moyo mmoja, maana jambo lenyewe linaniuma. Mimi nafundisha sauti. Hazipiti siku nyingi bila kujiwa na mtu wa miaka 55 au 60 akaniambia, "Mwalimu, mimi tena basi, sauti imekwisha." Nani kamwambia imekwisha? Nani kaipima? Mara nyingi hakuna aliyeipima. Ameona tu mvi kwenye kioo, akahitimisha.

Nami nawauliza nyinyi hapa: mzee akipanda jukwaani, sisi huwa tunampigia makofi ya nini? Kila mmoja aulize moyo wake. Mara nyingi tunapiga kabla hajafungua kinywa. Tunapiga kwa sababu yu hai. Tunapiga kwa sababu anatukumbusha ujana wetu. Akipotea kwenye sauti tunazidisha, kwa kumhurumia. Hayo nayaita makofi ya mvi. Leo nimekuja kuyatetea makofi mengine, makofi ya kazi, anayopewa mtu kwa sababu ameimba, na ameimba vizuri.

Desemba 2015, mjini Washington, kulikuwa na sherehe ya kuwaenzi wasanii, na miongoni mwa walioenziwa alikuwa Carole King, mmoja wa watunzi wa wimbo ambao mwimbaji wa soul Aretha Franklin aliurekodi mwaka 1967 akiwa na miaka 25. Usiku ule Aretha alikuwa na miaka 73. Aliingia na koti refu la manyoya na mkoba mdogo mkononi. Mkoba akauweka juu ya piano. Nawaombeni mukumbuke mkoba huo, nitaurudia. Akaketi, akajipigia mwenyewe, akaanza kuimba. Rais Obama alionekana akifuta chozi. Carole King kule juu alikuwa hajiwezi, mikono kichwani. Baadaye Aretha akainuka, akasogea mbele ya ukumbi, na wimbo ulipofika kileleni akaliacha koti likaanguka sakafuni. Ukumbi mzima ukasimama.

Tukio lile watu wengi wameliona kwenye simu zao. Lakini tulisikilize kama mafundi. Sauti ile ya 2015 si ya 1967. Ni nzito zaidi na ina mikwaruzo. Aretha hakujaribu kumkimbiza yule binti wa miaka 25. Alichelewesha maneno. Mpigo unapita, yeye hajatamka. Unangoja, unangoja, halafu neno linakuja mahali ambapo hukulitarajia, na likija limejaa. Binti wa miaka 25 angeogopa kungoja namna ile. Kungoja namna ile hakuji mpaka mtu asimame mbele ya watu kwa miaka mingi, ajue kwamba hawatamkimbia.

Basi, yale makofi yalikuwa ya mvi? Hata kidogo. Yalikuwa makofi ya kazi.

Sasa tuseme ukweli juu ya mwili, maana bila kuusema tutakuwa tunapeana moyo tu. Sauti huzeeka. Zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, limejengwa kwa gegedu, ile tishu ngumu inayopindika kama ya sikio, na kadiri umri unavyokwenda gegedu hizo hukakamaa, nyingine hugeuka kuwa mfupa. Nyuzi za sauti hukonda, zikawa hazifungani sawasawa, hewa ikavuja katikati. Ndiyo maana sauti ya mzee husikika ina upepo ndani yake. Mapafu hupunguza mnyumbuko, na pumzi iliyokuwa ikibeba mistari miwili sasa inabeba mmoja. Kwa wanawake, hedhi ikishakoma, sauti hushuka. Kwa wanaume wengi uzeeni hupanda kidogo na kuwa nyembamba. Haya hayamkwepi mtu, awe Aretha, awe jirani yako wa Kikwajuni.

Lakini misuli ya sauti ni misuli. Inayotumika kwa utaratibu hudumu, inayoachwa hukonda upesi. Anayesema "sauti imekwisha" halafu akanyamaza miaka kumi, ameimaliza mwenyewe.

Halafu kuna jambo dogo ambalo waimbaji wetu wengi hawataki kulisikia: kushusha ufunguo wa wimbo, yaani kuuimba wimbo wote chini kidogo. Nina mwanafunzi mmoja, bibi wa makamo, aliyeimba taarab tangu usichana wake. Alikuja kwangu akiwa na wimbo wake wa zamani, na kila akifika kwenye kile kipande cha juu shingo inatoka mishipa, kidevu kinanyanyuka, macho yanafumba kwa uchungu. Nikamwomba mpiga kinanda ashushe sauti moja na nusu. Bibi akakasirika kweli. Akaniambia wimbo ule una mahali pake. Tukabishana kidogo, kwa heshima, kisha akakubali kujaribu mara moja tu. Kidevu kikatulia. Bega likashuka. Kile kipande cha juu akakipita kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake. Akaomba tuurudie wimbo wote tangu mwanzo.

Nahodha mzee upepo ukizidi hupunguza tanga, na hakuna abiria anayemcheka kwa hilo.

Elton John mwaka 1987 alifanyiwa upasuaji wa koo huko Australia. Alipopona, sauti yake ilikuwa imeshuka, zile sauti nyembamba za juu za ujana wake zikawa zimemtoka. Je, aliacha kuimba? Alizipanga nyimbo zake upya kufuata sauti aliyonayo, na ziara yake ya mwisho aliimaliza Stockholm, Julai 2023, akiwa na miaka 76. Hesabuni wenyewe: zaidi ya miaka 35 baada ya kisu.

Mick Jagger wa bendi ya roki ya Rolling Stones, baba yake alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na mafunzo ya nyumbani hayakupotea. Aprili 2019 alitengenezewa vali ya moyo. Alikuwa na miaka 75. Wiki chache baadaye akaonekana kwenye video akicheza mbele ya kioo, na Juni 21 ya mwaka huo huo akawa jukwaani Chicago, katika uwanja wa mpira. Mwaka 2024 walizunguka tena Marekani, naye ana miaka 80, na ziara hiyo ilidhaminiwa na jumuiya ya Wamarekani wenye umri wa kuanzia 50. Mwenzake Keith Richards ana baridi yabisi ya vidole, inaonekana kwa macho, vifundo vimevimba. Tangu zamani hupiga nyimbo nyingi kwa gitaa la nyuzi tano lililotiuniwa kwa namna yake, na kidole kinapokataa njia ya zamani yeye hutafuta nyingine. Watu hupenda kusimulia habari za starehe zao za ujanani. Mimi nataka tusimulie hili la vidole, maana ndilo litakalotufaa.

B.B. King ni mtu wa bluzi, lakini wapiga roki wote wanamhesabu kuwa baba yao, kwa hiyo leo ana nafasi hapa. Baadhi yenu mnakumbuka alikuja mpaka Kinshasa mwaka 1974, kwenye lile tamasha la muziki lililopangwa pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Alikuwepo na James Brown, yule mwimbaji wa soul. Huyu B.B. King mwaka 1956 peke yake alifanya maonesho 342. Mwaka una siku ngapi? Na alikuwa na tabia moja ambayo kwangu mimi ndiyo siri ya uzee wake jukwaani: hakuwa akiimba na kupiga solo kwa wakati mmoja. Anaimba mstari, ananyamaza, gitaa linamjibu. Anaimba tena, gitaa linajibu. Kwa hiyo kila baada ya mstari, pumzi inarudi. Ujanani ilikuwa ni mtindo tu. Uzeeni mtindo ule ule ukambeba. Alipochoka kusimama akaomba kiti, akapiga amekaa kwa miaka mingi, na hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio kwa sababu ya kiti.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana nisiposema nitakuwa nimewadanganya. Mwaka 2014, akiwa na miaka 88, aliimba St. Louis na mambo hayakwenda. Alipoteza mtiririko, watu wakaanza kumpigia kelele kutoka kwenye viti. Watu wake baadaye wakaeleza kwamba alikosa dozi ya dawa yake ya kisukari. Oktoba ya mwaka huo akaishiwa nguvu Chicago, ziara ikakatizwa, na Mei 2015 akafariki. Mimi habari ile ya St. Louis hunikera kila nikiikumbuka. Siwalaumu waliopiga kelele, walilipa pesa zao. Hunikera lile la dozi. Mtu mwenye kisukari, miaka 88, usiku wa kazi: dawa ni sehemu ya vyombo, kama gitaa, kama kipaza sauti. Inakaguliwa kabla ya kila kitu.

Wazee wangu, nikienda mbele kuna jambo gumu zaidi kuliko kushika, nalo ni kuachia. Phil Collins alijiunga na bendi ya roki ya Genesis mwaka 1970 kama mpiga dramu. Dramu ndiyo mikono yake, ndiyo jina lake. Mgongo ukaharibika, neva zikaathirika, mikono ikakataa fimbo. Ziara ya mwisho ya bendi ile ilimalizika London, Machi 26, 2022. Phil alikuwa na miaka 71, alikaa kwenye kiti katikati ya jukwaa, akaimba tangu mwanzo hadi mwisho. Na nyuma yake, kwenye dramu? Mwanawe, Nic, kijana wa miaka 20. Aliachia fimbo, akashika sauti, na fimbo akampa mtoto aliyemlea. Hebu fikirini ilimgharimu nini mtu yule kukaa akaisikia dramu yake inapigwa nyuma yake na mtu mwingine, hata kama ni damu yake.

Na Tina Turner? Habari zake mnazijua. Mwaka 1976 aliikimbia ndoa ya mateso akiwa na senti 36 na kadi ya petroli. Albamu iliyomrudisha juu ilitoka 1984, naye ana miaka 44, umri ambao wafanyabiashara wa muziki wakati ule waliuona ni wa mtu aliyekwisha. Mwaka 1988 aliimba Rio de Janeiro mbele ya watu zaidi ya 180,000. Lakini mimi leo namtaja kwa ajili ya ziara yake ya mwisho, iliyoanza Oktoba 2008 na kumalizika Mei 2009. Alitimiza miaka 69 akiwa njiani. Alikuwa akitembea juu ya mkono wa chuma ulionyooshwa juu ya vichwa vya watu, amevaa visigino virefu, anaimba. Ziara ikamalizika Sheffield, akashuka, na hakufanya ziara tena. Hakungoja kuonewa huruma. Akaishi Uswisi na mumewe mpaka alipofariki mwaka 2023, na maradhi makubwa yalimpata huko, kiharusi, figo, lakini jukwaani watu walimwona mara ya mwisho akiwa amesimama imara. Kuna mzee hapa aliniuliza asubuhi, "Nitajuaje siku ya kuacha?" Mzee wangu, sina jibu la watu wote. Nadhani Tina alijua kwa sababu aliendelea kujipima kwa kazi, hakujipima kwa makofi.

Vijana wa nyuma, mnasikia? Sasa nakuja kwenu.

Mnadhani uzee wa jukwaani ni wa waliowahi kuanza tu? Yupo Sharon Jones, mwimbaji wa soul wa New York. Aliimba kanisani, aliimba harusini, akagonga milango ya makampuni ya rekodi, na mtu mmoja wa kampuni akamwambia usoni kwamba ni mweusi mno, mnene mno, mfupi mno, na umri umempita. Akaenda kufanya kazi ya askari magereza kwenye gereza la Rikers Island. Albamu yake ya kwanza ilitoka 2002, umri wake miaka 46. Mwaka 2013 akagundulika na saratani. Alirejea jukwaani mwanzoni mwa 2014, kichwa kipara kwa sababu ya dawa, akakataa nywele za bandia, akacheza na kuimba hivyo hivyo. Alifariki Novemba 2016, miaka 60. Miaka 14 tu ya rekodi, lakini ukimsikiliza utadhani alikuwepo siku zote.

Na yupo Charles Bradley. Mwaka 1962, kijana wa miaka 13, dada yake alimpeleka ukumbi wa Apollo kumwona James Brown, na tangu siku ile hakupona. Maisha yakampeleka kwingine. Akawa mpishi, akahama mji kwa mji, akapitia na kulala nje. Usiku usiku alivaa wigi na kumwiga James Brown kwenye vilabu kwa jina la Black Velvet. Albamu yake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe na jina lake mwenyewe, ilitoka Januari 2011. Alikuwa na miaka 62. Sauti ile inalia. Kila mara inapopasuka unajua inapasuka juu ya kitu kilichotokea kweli, na kijana mwenye koo safi hawezi kuipata hata ajifunze miaka mitatu na mwalimu bora. Alipata miaka kama sita ya kupendwa na dunia, akafariki Septemba 2017.

Mimi huwafikiria hawa wawili ninapomsikia mtoto wa miaka 24 anasema amechelewa.

Niruhusuni sasa nikae kidogo kwa mama mmoja, kwa sababu katika wote niliowataja huyu ndiye ninayempenda kuliko wengine. Mavis Staples alizaliwa Chicago mwaka 1939. Baba yake, Roebuck Staples, watu wakimwita Pops, alikulia Mississippi, akajifunza gitaa la bluzi mashambani, akahamia kaskazini, akawakusanya watoto wake na kuwafundisha kuimba muziki wa injili sebuleni. Mavis alikuwa mdogo na sauti yake ilikuwa nzito; watu redioni hawakuamini kuwa ni ya msichana. Waliimba kwenye mikutano ya Dk. Martin Luther King. Baadaye wakaingia kwenye soul, na mwaka 1972 wimbo wao ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Na Pops mwenyewe, huyo baba, alipata tuzo ya Grammy ya albamu yake ya bluzi mwaka 1995, akiwa na miaka 80. Nyumba ile uzee wa jukwaani ulikuwa ni malezi.

Pops akafariki Desemba 2000. Mavis alibaki njia panda. Maisha yake yote alikuwa akiimba na gitaa la baba pembeni yake. Hakuwa na kampuni ya kurekodi. Alikuwa na miaka 61. Hapo wangapi kati yetu tungekaa chini? Dada yake Yvonne ndiye aliyemsukuma ainuke. Akarekodi kwa pesa zake mwenyewe, albamu ikatoka 2004. Kisha akafanya kazi na Jeff Tweedy, mwanamuziki wa roki wa huko huko Chicago, mtu aliyezaliwa 1967, angeweza kuwa mwanawe. Albamu yao ya 2010 ikampa Mavis tuzo yake ya kwanza ya Grammy, Februari 2011. Ya kwanza! Ameimba zaidi ya miaka 60, na tuzo ya kwanza inamfikia ana miaka 71. Mwaka 2019, miezi miwili kabla hajatimiza 80, akatoa albamu nyingine.

Lakini tuzo si kitu ninachotaka muangalie. Angalieni bendi yake. Gitaa moja, besi, dramu, waitikiaji wawili watatu. Basi. Mpiga gitaa anapiga nafasi kama anavyopiga nyuzi. Mama akiimba, gitaa linakaa kimya au linanong'ona. Hakuna anayemfunika. Hakuna anayeongeza sauti ya spika ili kuficha kitu. Sauti ya Mavis ya leo imechakaa pembeni, lakini imeachiwa uwanja, na ndani ya uwanja ule kila pumzi inasikika na kila neno linaeleweka. Na akichoka anakaa kidogo, bendi inapiga kipande bila kuimba, kisha anainuka. Yote yamepangwa, na yamepangwa na watu wanaomsikiliza. Mimi nikiwaona wale wapigaji wake huwa nasema: hawa ndio wanaostahili nusu ya makofi.

Linganisheni na tunavyofanya sisi. Tunamchukua mzee, tunampandisha na bendi ya vijana ambao hawakufanya naye mazoezi hata mara moja, wanapiga kwa ufunguo wa kaseti ya zamani, kwa kasi ya leo, kwa sauti ya kupasua masikio. Mzee anapotea. Halafu tunasema, masikini, kazeeka.

Hapa Mji Mkongwe siwezi kumaliza bila kumtaja mtoto wa hapa. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamwita Freddie Mercury, alizaliwa hapa mwaka 1946. Wageni kila siku wanapiga picha mlangoni pale Shangani. Yeye uzee hakupewa. Alifariki Novemba 1991, miaka 45. Lakini mwenzake Brian May, mpiga gitaa wa bendi yao ya Queen, ameendelea, na gitaa lake ni lile lile alilolitengeneza na baba yake kuanzia mwaka 1963, shingo yake imechongwa kwa mbao ya meko ya zamani, nalo hulipiga kwa sarafu badala ya plastiki. Mei 2020 alipata shambulio la moyo, akawekewa vifaa vitatu vya kupanua mishipa. Juni 2022, miaka 74, alikuwa anapiga mbele ya kasri la Buckingham. Mwaka 2024 kiharusi kidogo kikamshika mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, naye akarudi kwenye mazoezi mpaka vidole vikamtii tena. Na mahali pa Freddie amesimama Adam Lambert, aliyezaliwa 1982, ambaye huimba nyimbo zile kwa sauti yake bila kujifanya Freddie. Kijana anayempa mzee nguvu, mzee anayempa kijana nyimbo. Mnaona inavyowezekana?

Na Bi Kidude wetu, Mungu amrehemu. Tulimzika Aprili 2013. Mwaka 2005 alipewa tuzo kubwa ya muziki wa dunia, ya WOMEX, akiwa bibi kizee. Kila mgeni alikuwa akiuliza, ana miaka mingapi? Ana miaka mingapi? Wachache waliuliza: anapumua wapi? Anaikataje ile sauti? Ngoma ile kiunoni anaibebaje huku anaimba? Tulikuwa na chuo kizima cha sauti ya uzeeni kinatembea mitaani kwetu, na tulichojifunza kutoka kwake ni kidogo. Hilo mimi huliona ni deni.

Nilisema nitarudi kwenye mkoba wa Aretha. Mkoba ule alikuwa hauachi. Kwa miaka mingi alidai alipwe taslimu kabla ya kuimba, pesa akazitia mkobani, na mkoba akapanda nao jukwaani akauweka juu ya piano anapouona. Watu waliona ni kiburi. Aretha alitoka katika kizazi cha wasanii weusi waliodhulumiwa malipo yao na kila aliyejiita meneja, na alikusudia asiwe mmoja wao. Tusijidanganye kwamba wazee wanapanda jukwaani kwa mapenzi peke yake. Leonard Cohen, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo, alirudi kuzunguka dunia mwaka 2008, ana miaka 73, baada ya kugundua kwamba akiba yake ya uzeeni imekombwa. Akaimba karibu saa tatu kila usiku. Alikuwa anatafuta riziki, na aliimba vizuri. Riziki haiharibu muziki.

Miaka michache nyuma nilihudhuria onesho moja, sitalitaja. Mzee wa miaka 78, mpiga gitaa ambaye nusu ya waliokuwemo walifunga ndoa kwa nyimbo zake, aliwekwa nyuma ya jukwaa kwenye kiti cha plastiki tangu magharibi. Alipandishwa saa saba za usiku. Hakuna maji, hakuna chakula, hakuna aliyemuuliza anataka ufunguo gani. Akapiga nyimbo mbili, vidole vimeganda. Watu wakamshangilia sana. Akashushwa, akatiwa bahasha mfukoni, na bahasha ile ilikuwa nyembamba. Makofi yale yalinitia uchungu kuliko yangekuwa zomeo.

Kwa hiyo, mnaoandaa maonesho, na nawaona humu ndani msiopungua watano, nawaomba haya. Mzee apande mapema, baada ya isha, si saa saba usiku. Afanye mazoezi na bendi siku mbili kabla, kwa ufunguo anaoutaka yeye. Awe na kiti jukwaani, hata kama hatakikalia. Spika ya kujisikilizia iwe mbele yake, maana masikio nayo huzeeka, na asiyejisikia hulazimisha koo. Mmoja wenu akabidhiwe kazi ya maji, chakula na dawa, na jina lake liandikwe kwenye ratiba. Na alipwe kabla hajapanda. Kamili.

Nanyi wanamuziki vijana: mtafuteni mzee mmoja, mjifunze nyimbo zake tatu kama anavyoziimba sasa, si kama zilivyo kwenye kaseti.

Nanyi mliovuka miaka 50 mnaoniambia sauti imekwisha: kuanzia Jumamosi ijayo nitakuwa na darasa la asubuhi kwa ajili yenu, saa tatu, hapa hapa ukumbini. Hamlipi kitu. Njooni mumeshakula kidogo, mje na chupa ya maji, na kila mmoja aje na wimbo mmoja alioacha kuuimba.

Ahsanteni sana.